Nguzo za uani zimeoza ndani ya zege baada ya miaka minne: tunakosea wapi?

Mkazi wa Kibaha (muulizaji)

Wandugu, habari za kazi. Naishi Kibaha, mkoani Pwani, na nimekuja kwenu na jambo ambalo limenigharimu fedha na usingizi. Mwaka 2020 nilijenga uzio wa seng'enge kuzunguka kiwanja changu cha mita 20 kwa 30, pamoja na kibaraza kilichoezekwa kwa bati nyuma ya nyumba. Nguzo zote zilikuwa za mkaratusi, zenye unene wa sentimita 10 hadi 12. Fundi alichimba mashimo ya sentimita 50, akazisimamisha, akazimwagia zege mpaka usawa wa ardhi na kulisawazisha kwa mwiko. Nililala kwa amani, kwa sababu niliamini kwamba mti uliozungukwa na zege haufikiwi na maji wala mchwa.

Masika ya 2024 nguzo ya kwanza ilianguka, na tangu hapo zimeshavunjika 17. Zote zimekatika mahali pamoja, pale zinapotokeza kwenye zege. Juu ya mkatiko mti ni mzima na mgumu, na hata kipande cha chini kabisa, nilipokichimbua kimoja kwa mtaimbo, bado kilikuwa kigumu na chenye harufu yake ya mkaratusi. Lakini kwa kimo cha kiganja kimoja hivi, karibu na uso wa ardhi, kisu kiliingia hadi mpini.

Fundi mmoja amenishauri niongeze zege liwe nene zaidi, na mwingine amesema nipake nguzo mpya oili chafu ya gari kabla ya kuzichimbia. Nina nguzo 40 za uzio, 4 za kibaraza na 2 za geti, na sina uwezo wa kurudia kazi hii kila baada ya miaka minne. Naomba mnieleze: je, nguzo ya mti inastahili kuwekwa kwenye zege? Kama ndiyo, iwekwe kwa namna gani?

Seremala wa Mafinga

Ndugu yangu wa Kibaha, pole sana kwa hasara. Maelezo yako ya mahali zilipokatika yanatosha kuonyesha ugonjwa wenyewe, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu huhitaji unyevu, hewa na chakula kwa wakati mmoja. Chakula ni mti wenyewe. Chini kabisa ya shimo unyevu upo lakini hewa ni haba; juu, kwenye upepo na jua, hewa ipo lakini mti hukauka upesi baada ya kila mvua. Ni katika sentimita chache za kuzunguka uso wa ardhi tu ambapo vitu hivyo vyote vitatu hukutana mwaka mzima, na ndipo nguzo zako zilipokatika.

Sasa tazama zege lilifanya nini. Nguzo nyingi huchimbiwa zikiwa bado mbichi au zina unyevu mwingi. Zikishasimama kwenye jua kwa miezi michache hukauka na kusinyaa, lakini zege halisinyai pamoja nazo, na matokeo yake ni mwanya mwembamba kama ukucha unaoizunguka nguzo yote. Kila mvua inaponyesha, maji huteremka na nguzo na kuingia moja kwa moja kwenye mwanya huo. Kwa kuwa fundi wako alimwaga zege chini ya nguzo na pembeni yake, amekutengenezea kikombe. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, na mti unakaa ndani yake wiki nzima huku wewe ukiona juu pamekauka. Mchwa nao hupita kwenye mwanya huo huo wakiwa wamejificha wasionekane, na ndiyo maana hukuwaona mapema.

Usinisadiki kwa maneno tu. Chukua nguzo moja iliyovunjika ambayo zege lake bado ni zima, toa mabaki yote ya mti ndani yake, mimina lita moja ya maji jioni, kisha uje kutazama asubuhi.

Kuhusu dawa ya jambo hili, nianze na mti wenyewe, kwa sababu zege zuri haliwezi kuokoa mti dhaifu. Huku kwetu Mufindi na kule Njombe, nguzo zinazokusudiwa kudumu huingizwa kwenye tangi la chuma, hewa hutolewa kwanza, kisha dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki husukumwa kwa shinikizo mpaka izame ndani ya mti. Nguzo ya namna hiyo huwa na rangi ya kijanikijani. Dawa hiyo hupenya vizuri sehemu ya nje ya mti, yaani ile yenye rangi hafifu, lakini kiini cha mkaratusi huwa hakiinywi. Kwa sababu hiyo nguzo ya mviringo yenye sehemu yake ya nje kamili ni bora kuliko ile iliyochongwa au kupasuliwa, na kwa sababu hiyo hiyo nakusihi usikate upande unaokwenda ardhini. Nguzo ikiwa ndefu kupita mahitaji, kata upande wa juu, paka dawa ya mbao kwenye mkato, na ukiweza ufunike kwa kipande cha bati. Vipande utakavyokata visiingie jikoni kamwe, kwa kuwa moshi na majivu yake vina aseniki; waeleze hivyo na watu wote wa nyumbani.

Oili chafu sikushauri. Inakaa kwenye ngozi ya mti tu, haizami, na inaacha uchafu wake kwenye udongo ambao pengine unachimba kisima au kulima mchicha hatua chache kutoka hapo.

Ama kuhusu zege, mimi nguzo za kati za uzio wa seng'enge siziwekei zege kabisa. Kazi yake ni kushikilia waya usilegee na usilale, na mzigo wake ni mdogo. Chimba shimo la sentimita 70 kwa nguzo ya mita 2.4, mwaga kokoto chini kiasi cha sentimita 10, simamisha nguzo juu yake, kisha rudishia moramu yenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 15, na kila tabaka ulishindilie kwa kichwa cha mtaimbo mpaka sauti ibadilike kutoka kwenye mdundo mzito na kuwa mkavu. Fundi mwenye haraka atajaza shimo lote kwa mara moja na kukanyaga juu kwa mguu. Nguzo hiyo itatikisika kabla ya mwaka kuisha. Malizia kwa kilima kidogo cha udongo kuizunguka nguzo ili maji yakimbie.

Zege liende kwenye nguzo za pembe na za geti, ambazo huvutwa upande mmoja usiku na mchana. Hata huko, ikiwa nguzo ni ya mti, lizunguke kama kola, lisiwe kikombe. Nguzo isimame juu ya kokoto, zege liwe pembeni tu, ili maji yatakayoingia kwenye mwanya yapate njia ya kuzama ardhini. Juu, zege lipite usawa wa ardhi kwa sentimita 5 na liwe na mteremko kutoka kwenye nguzo kwenda nje.

Mkazi wa Kibaha (muulizaji)

Fundi, nakushukuru kwa moyo wote. Nimefanya jaribio lako jana. Nilimimina lita moja saa 12 jioni kwenye tundu la nguzo ya saba kutoka getini, na saa 1 asubuhi maji yalikuwa yamepungua kiasi cha vidole viwili tu, nayo yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Nilibaki nimechuchumaa pale kwa muda, nikifikiria masika manne yote ambayo nguzo zangu zilikaa katika hali hiyo.

Nimebakiwa na maswali mawili. Kwanza, naomba vipimo vya zege kwa nguzo za pembe na za geti, kwa sababu safari iliyopita fundi alichanganya kwa kukadiria kwa macho. Pili, nguzo za kibaraza zinabeba paa, kwa hiyo naogopa kuziweka kwenye udongo mtupu.

Fundi sanifu, Dar es Salaam

Ndugu, kwa kuwa suala la mti limekwisha kuelezwa vizuri na fundi wa Mafinga, mimi nitajibu hayo mawili.

Kwa kazi yako uwiano wa 1:2:4 unatosha, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, sawa na ndoo moja na robo tatu za lita 20. Kwa hiyo kila mfuko mmoja uende na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo zikiwa zimekatwa usawa wa mdomo na si kurundikwa. Mchanganyiko huo hutoa zege la lita 155 hivi. Saruji ya daraja la 32.5 inafaa.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye maji. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hadi 28, na ikiwa mchanga umeloa, punguza. Vibarua hupenda zege linalotiririka kwa sababu ni rahisi kulimwaga, lakini maji yote yaliyozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu halina nguvu na hupitisha unyevu. Zege sahihi ukilichukua kwenye sepeto linakaa, na ukilishindilia kwa kipande cha nondo linatulia na kung'aa juu. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo hukaribisha kutu kwenye kila chuma kitakachokuwa ndani ya zege. Tena kuuchimba ni kuumaliza ufukwe wetu wenyewe. Zege likishashika, lifunike kwa magunia na ulimwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Katika siku hizo 7 hupata karibu theluthi mbili za nguvu ambayo hupimwa siku ya 28, kwa hiyo usikaze waya kabla ya wiki, na geti lisubiri wiki mbili au zaidi.

Sasa geti, ambalo watu wengi hulidharau. Tuseme bawa moja lina upana wa mita 2 na uzito wa kilo 80. Uzito huo unakaa mita 1 kutoka kwenye bawaba, na ikiwa bawaba zako zimeachana kwa mita 1.2, basi ile ya juu inavuta nguzo kuelekea katikati ya njia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 67 hivi, mchana na usiku, hata wakati geti limefungwa. Shimo la sentimita 50 haliwezi kustahimili hilo. Chimba sentimita 90, upana 45 kwa 45, na uunganishe misingi ya nguzo mbili kwa mkanda wa zege wenye nondo unaopita chini ya njia ya gari, kimo na upana sentimita 20. Nguzo moja ikitaka kuinama, mkanda unasukuma nyingine, nayo pia inasukuma kinyume, kwa hiyo zote mbili zinabaki wima. Kwa nguzo hizo mbili ningeacha mti na kutumia zege lenye nondo nne na pete zake, au bomba la chuma la mraba lililozibwa juu.

Kuhusu kibaraza, hofu yako ni ya haki, lakini nguzo hizo hazifanani na za uzio. Nguzo ya uzio imesimama peke yake, kwa hiyo lazima izame ardhini ili isianguke. Nguzo ya kibaraza imeshikwa juu na boriti, na boriti imeshikwa na ukuta wa nyumba, kwa hiyo mti wake hauna sababu ya kugusa ardhi. Mwaga msingi wa zege wa sentimita 40 kwa 40, kina 40, upandishe mpaka utokeze sentimita 10 juu ya ardhi, na kabla haujakauka uzamishe kiatu cha chuma ambacho fundi wa kuchomelea atakutengenezea: bapa mbili za kuishika nguzo kwa bolti, na kitako kinachoinua mwisho wa mti sentimita 5 juu ya zege. Maji yatapita chini ya mti na upepo utaukausha. Bolti usiziache kwa kudhani kwamba uzito wa bati unatosha, kwani upepo mkali unaoingia chini ya paa lililo wazi hulinyanyua, na kiatu ndicho kinacholishikilia paa ardhini.

Mama wa Maswa

Wandugu, naomba niongeze jambo kwa ajili ya wale wanaosoma wakiwa kwenye udongo mweusi, kwa sababu mambo ya Kibaha si ya huku kwetu Simiyu. Kwenye miinuko tuna luseni, ambao ni udongo wa kichanga na haunisumbui. Shamba langu liko bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao wakati wa mvua huvimba na kunata kwenye viatu mpaka hatua inakuwa nzito, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono huingia.

Niliweka nguzo za zege kwenye mashimo ambayo mdomo wake ulikuwa mpana kuliko kitako, kwa sababu udongo ulikuwa unabomoka juu wakati wa kuchimba, na fundi akajaza zege mpaka likamwagika kuzunguka mdomo kama uyoga. Baada ya misimu miwili zilikuwa zimepanda. Nilipima kwa mti mmoja niliouwekea alama: nguzo ilikuwa imeinuka upana wa vidole vinne, na waya umelegea upande mmoja huku umekazika upande wa pili. Udongo ukivimba hulishika zege chini ya ule uyoga na kulisukuma juu, na ukikauka hauirudishi nguzo mahali pake, kwa sababu udongo umeshabomokea chini yake.

Safari ya pili tulichimba zaidi ya mita moja, tukapanua kitako cha shimo kwa sululu fupi ili kiwe kama mtungi, tukalainisha kuta, na zege likaishia chini kidogo ya uso wa ardhi bila kumwagika. Sehemu ya juu tulirudishia moramu. Tulichimba mwishoni mwa kiangazi, na hilo lilitusaidia pia kuona nyufa zinafika wapi, kwa kuwa kitako cha nguzo kinatakiwa kiwe chini ya mahali zinapoishia. Kuna kazi kubwa ndani yake, na vibarua walilalamika, lakini hazijasogea.

Mwenyeji wa Tanga

Nawaunga mkono wote, ila ningependa ndugu yetu asidhani kwamba bomba la chuma linamwepusha na ule mstari wa ardhini. Hapa pwani nguzo zangu za mabomba ziliharibika pale pale kwa namna ile ile: ndani ya zege chuma kilikuwa safi, juu rangi ilikuwa nzuri, na kwenye mstari wa kukutania kutu ilikuwa imekula bomba mpaka likatoboka. Zege lilikuwa limebonyea kidogo kuzunguka bomba, na maji ya mvua yalituama hapo pamoja na chumvi ya upepo wa bahari. Sasa natengeneza mteremko wa zege kama alivyoeleza fundi wa Mafinga, napaka lami kwenye bomba kuanzia sentimita 10 chini ya uso wa zege hadi sentimita 10 juu yake, na kila mwaka kabla ya masika nakagua mstari huo kwa kukwangua na kurudia kupaka.

Mkazi wa Kibaha (muulizaji)

Nimekaa na kalamu na kupiga hesabu kwa vipimo mlivyonipa. Kumwagia zege nguzo zote 36 za kati kungekula mifuko 12 hivi ya saruji, na sasa najua kuwa ningekuwa nanunua vikombe vya kuozeshea miti. Kwa pembe 4, geti pamoja na mkanda wake, na misingi 4 ya kibaraza, nimepata mifuko 7, nami nitanunua 8. Fedha itakayobaki nitaongezea kwenye nguzo zilizotiwa dawa. Udongo wangu ni wa kichanga, kwa hiyo naamini sitakutana na yale yaliyompata mama wa Maswa.

Fundi wa Mafinga, nikuulize la mwisho: nguzo za pembe nizitegemeze kwa namna gani wakati waya unakazwa? Na je, nianze sasa au nisubiri vuli ipite?

Seremala wa Mafinga

Anza sasa, ukiwa bado na jua, ili moramu ishindiliwe ikiwa na unyevu unaoupima wewe mwenyewe na si wa mvua. Weka kwanza nguzo nne za pembe na zile za geti, funga uzi kutoka pembe hadi pembe, halafu nguzo za kati zifuate uzi. Kila nguzo ipimwe kwa timazi kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, kwani nguzo iliyonyooka ukiitazama kutoka barabarani inaweza kuwa imelalia upande wa nyumba.

Kila nguzo ya pembe iwe na miti miwili ya mshazari, mmoja kwa kila upande ambao waya unatokea, ukianzia juu kidogo ya nusu ya nguzo na kuteremka kwa kufuata mstari wa waya. Kitako chake kisikite kwenye udongo mtupu. Kiegemeze kwenye jiwe bapa au tofali la zege lililozikwa, na jiwe hilo litazame nguzo, lisitazame mbingu. Miti hiyo iwe imefungwa kabla hujagusa waya, na waya ukazwe siku ya nane tangu zege limwagwe, kidogo kidogo kwa kuzunguka pembe zote nne, usimalize upande mmoja wote kwanza.

Zile nguzo zako nzima ambazo hazijavunjika usizing'oe bado. Fukua udongo kuzunguka kila moja, ichome kwa kisu kwenye mstari wa zege, na utie alama ya chokaa kwenye zile ambazo kisu kinazama.